Amuri na Siku za Mbalamwezi

Jumatatu, 11 Agosti

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Nimechana kurasa tano za mwanzo, zile zenye wino mwekundu wa mwalimu, ili nisianze kuandika nikiwa na aibu za zamani.

Leo tumeingia kambini, kidato cha nne wote. Tutalala hapa hapa shuleni na kusoma hapa hapa mpaka mtihani wa taifa mwezi Novemba. Wavulana wamepewa darasa la mwisho karibu na choo. Wasichana tumepewa maktaba, maana vitabu vyenyewe ni vichache, havitatubana. Mkuu wa shule amesema hatoki mtu bila ruhusa, na anayeandika nani yupo na nani hayupo ni mimi, Eufrasia, kiranja wa mahudhurio. Wamenipa kazi hiyo kwa sababu nina mwandiko mzuri. Shukrani anasema ni kwa sababu nina roho mbaya.

Tuliambiwa kila mtu alete chakula alichonacho kwao. Hakuna aliyepanga nani alete nini. Basi watu wa ziwani, wa Katonga na Ujiji, bila hata kuambizana, wote wameleta dagaa. Dagaa kwenye ndoo, dagaa kwenye mifuko ya rambo, dagaa ndani ya begi la nguo. Unga tumeleta wanne tu tunaotoka mashambani Mwandiga, tena wa muhogo. Mama Regina anayetupikia alisimama katikati ya mizigo, mikono kiunoni, akauliza, "Sasa wanangu, mnataka niwasongee ugali wa dagaa?"

Jumanne, 12 Agosti

Dagaa.

Jumatano, 13 Agosti

Dagaa. Bariki ameitisha kikao kuhusu dagaa.

Huyu Bariki lazima nimweleze. Alizaliwa mbunge, jimbo tu ndilo halijapatikana. Anavaa tai mpaka anapoenda kuchota maji. Hawezi kuomba chumvi kama binadamu wa kawaida, anasimama kwanza, anasafisha koo, anasema, "Naomba kuchangia hoja." Kikao kimechukua saa nzima na azimio lake ni kwamba tatizo la dagaa ni dagaa kuwa nyingi. Tumepiga makofi. Jioni tumekula dagaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nalala kati ya Shukrani na Stephania, na sijui nilimkosea nani.

Shukrani mama yake anauza dagaa mwaloni Katonga, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na habari zote za mkoa huu hupita pale kabla hazijafika redioni. Anajua nani kagombana na mkewe, boti ya nani imekamatwa, mwalimu gani anahamishwa. Ukitaka kumwambia siri, mwambie tu, maana anayo tayari.

Stephania analia. Akifeli analia, akifaulu analia. Juzi Mwalimu Gasper alieleza jinsi joto linavyosafiri kwenye chuma, Stephania akatoa leso. Usiku anatuombea wote kwa majina, amefumba macho, na mpaka leo hatujui sala yake inaishia wapi na usingizi unaanzia wapi. Jana alifika kwenye jina langu akakoroma. Nimebaki bila kuombewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nimefundishwa Fizikia, na kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza nimeelewa kitu.

Niseme ukweli wangu hapa maana hapa hanisomi mtu. Nataka kusomea uuguzi. Bailojia ninayo, Kemia naisukuma, Kiingereza ndiyo fahari yangu, sijawahi kukosa A. Lakini bila angalau D ya Fizikia chuoni hawanipokei, na mimi Fizikia napata F tangu niijue. Mwalimu Gasper ni mmoja kwa shule nzima. Anafundisha ameutazama ubao, akimaliza anauuliza ubao, "Tumeelewana?" Ubao haujawahi kukataa.

Aliyenifundisha leo ni Amuri. Ni kijana wa Katonga, wa mkondo ule mwingine, mrefu, mpole, ukoo wao ulivuka ziwa kutoka Kongo zamani za babu yake. Baba yake mdogo ana mtumbwi wa dagaa, na Amuri ndiye fundi wa taa zao. Nilimkuta ananichungulia daftari nilipokuwa naparamia swali la umeme.

"Frasia, acha kukariri," akasema. "Taa ukizipanga moja nyuma ya nyingine, ikifa moja zote zimekufa, mmerudi nyumbani mikono mitupu. Lakini ukiipa kila taa njia yake, ikifa moja wenzake wanaendelea na kazi. Umeona?"

Nimeona! Dakika mbili tu. Miaka minne nimekaa nalipa ada ya ujinga.

Jumatatu, 18 Agosti

Amuri hayupo. Nimeweka alama ya X.

Alhamisi, 21 Agosti

Amuri hayupo. X ya nne. Nikampelekea mkuu wa shule kitabu nikitegemea moto. Mkuu akachungulia dirishani, akasema, "Ah, giza limeingia. Huyo yuko ziwani."

Mimi ni mtoto wa shamba, hayo mambo yananishinda. Shukrani akanieleza kwa huruma kana kwamba nimepungukiwa: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifanyi kazi mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaisogelei. Kwa hiyo wavuvi huenda usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wanapumzika wakishona nyavu. Amuri naye kwa hiyo husoma kwa mbalamwezi na kupotea kwa giza, tangu kidato cha pili. Walimu wote wanajua. Akipata alama mbaya, na huzipata mara zote, kila mtu anasema, "Masikini, alikuwa ziwani."

Sikupenda. Na sisi wa Mwandiga tukisema tunasubiri mvua tupande kwanza ndipo tuje shule, itakuwaje?

Ijumaa, 22 Agosti

Dagaa.

Jumatano, 3 Septemba

Amuri karudi, mwezi unakua. Anatabasamu kama hakutokea kitu. Nilitaka kumnunia wiki nzima nikaweza robo saa, maana nilikuwa na swali la lenzi.

Jumanne, 9 Septemba

Mtihani wa majaribio unaendelea. Leo Fizikia. Amuri alitupitisha asubuhi yote kwenye mchanga nyuma ya jiko, akichora kwa kijiti, tukiwa watu kumi na tano tumemzunguka. Hata Mama Regina aliacha mwiko akasikiliza, akasema, "Kumbe ndiyo maana sufuria lile linachelewa kuchemka."

Ndani ya chumba cha mtihani niliandika mpaka mkono ukauma. Amuri alimaliza wa kwanza, akakusanya karatasi, akatoka. Nikajisemea, huyu mtu anatisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Amuri kaaga. Giza.

Jumatano, 1 Oktoba

Matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Fizikia nimepata ishirini na saba. Bado tatu tu nifike D! Nimeruka, nimemkumbatia Shukrani, nimemkumbatia hata Bariki, akashukuru kwa niaba ya serikali.

Amuri kapata kumi na moja.

Nilisoma mara tatu. Wengine aliowafundisha nyuma ya jiko wamepata thelathini, arobaini, mmoja hamsini. Yeye kumi na moja. Stephania alilia, na safari hii sikumcheka. Watu wakasema ndiyo yale yale, kachoka na ziwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Amuri alikuja asubuhi akiwa na begi lake. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo. Nilikuwa naenda kumwita, nikapitiwa na kazi ya kugawa uji. Niliporudi hakuwepo. Wala begi.

Jumanne, 7 Oktoba

X. Tangu Alhamisi ni X tupu. Nafundishwa na daftari langu mwenyewe, na daftari langu halijui kitu.

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo, mwezi unachomoza mkubwa, mviringo. Shukrani alikuwa analalamika kwamba mama yake hana biashara wiki hii, mwaloni pakavu, dagaa hakuna hata wa kuonja. Nikamjibu ovyo, "Amuri si yuko huko anavua, atamletea."

Shukrani akaacha sahani. "Wewe, anavua nini na mwezi huu? Hakuna mtumbwi uliotoka."

Nikakimbia kuchukua kitabu cha mahudhurio na mikono yangu imejaa povu. X za tangu Alhamisi zote ni za mbalamwezi, na sisi siku zote tumekuwa tunatazama siku za giza. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama huyu mtu kweli yuko ziwani. Mwezi ulimwombea ruhusa, sisi tukaitikia amina.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hii itakuwa ndefu.

Tuliomba ruhusa ya kwenda Katonga, mimi na Shukrani, kwa kisingizio cha dagaa. Mama Regina alishangaa, "Dagaa tena?" lakini alitusaidia kuomba. Nilienda na hasira yangu kamili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mwongo, umetuzingua, nimekutetea kwa mkuu (uongo, sikuwahi kumtetea), mimi nina mtihani na wewe unacheza.

Nyumba yao iko juu kidogo ya mwalo. Tulimkuta baba yake mdogo, Mzee Sumaili, kakaa kwenye kigoda anashona wavu, uzi kautia mdomoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Nyie ni wa shule? Wewe mgeni si wa ziwani, mbona umetoka na leo ni zamu yenu?"

"Zamu gani, baba?"

Akatoa uzi mdomoni. "Si kambi yenu inakwenda kwa zamu? Giza mnasoma nyie wa Mwandiga, mbalamwezi wanasoma wa ziwani. Amuri ndivyo alivyoniambia. Na mwezi huu akasema wamewaongezea mapumziko."

Shukrani, ambaye anajua habari zote za mkoa, alikaa chini kwenye mchanga. Hii hakuwa nayo.

"Baba," nikasema, "sisi shuleni tunajua Amuri yuko na wewe ziwani."

"Na mimi? Mimi nilimshusha kwenye mtumbwi tangu mwezi wa saba! Nilimwambia Amuri, taa nitengenezee mchana, usiku lala, maliza shule kwanza. Marehemu baba yake aliniachia neno hilo moja tu." Akanyanyuka. Mzee mfupi, lakini aliponyanyuka nilirudi nyuma. "Amuri! Njoo hapa!"

Nikamwomba. Sijui nilipata wapi adabu ile, maana hasira nilikuwa nayo mimi zaidi yake. Nikasema, "Baba, naomba niongee naye mimi kwanza. Nikishindwa, wako."

Amuri alikuwa nyuma ya nyumba, taa sita mbele yake zimefunguliwa, nyaya nje. Aliponiona hakukimbia. Akaendelea kufunga skrubu.

Nikamwaga yote. Yale niliyopanga na mengine yaliyokuja yenyewe. Nikamwambia mimi bado alama tatu niwe muuguzi na yeye kakaa hapa anaangalia nyaya. Nikamwambia kakosa heshima. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akauliza, "Una karatasi ya majaribio hapo?"

Ninayo kila mahali, nimeikunja kwenye mfuko wa ndani wa begi. Nikampa.

"Nisomee swali la nne kwa Kiswahili."

Nikasoma. Kabla sijamaliza alishanijibu, na hesabu yake, na kipimo chake, na sababu.

"Sasa hilo," akasema, "siku ya mtihani nililitazama nusu saa. Silijui linaniuliza nini. Najua neno moja moja. Nikiunganisha yananiponyoka. Niliandika jina, nikajibu yale ya kuchagua kwa kubahatisha, nikatoka." Alikuwa anaongea na skrubu, hanitazami. "Darasani mwalimu anasema kwa Kiingereza, anarudia kwa Kiswahili, mimi nadaka pale anaporudia. Kwenye karatasi hakuna wa kurudia. Sasa nikae kambini miezi mitatu, nyie wote mnaniita profesa, halafu Januari matokeo yatoke mjue? Bora waseme yule aliharibiwa na ziwa."

Nilikaa kwenye ndoo. Hasira iliniisha yote, ikaniacha na aibu. Mimi mwenye A ya Kiingereza nimekaa mbele ya mtu huyu wiki kwa wiki, nakula akili yake bure, sikuwahi hata kumwuliza amepatwa na nini. Kazi yangu ilikuwa kuweka X.

"Amuri," nikasema, "wewe ni mjinga sana."

"Najua."

"Hujui. Mimi Kiingereza ninacho cha kumwaga. Ungesema mwezi wa nane tungekuwa mbali."

"Ningekuambiaje? Wewe mkali."

Shukrani alikuwa amejibanza kwenye kona ya nyumba anasikiliza kila kitu. Akadakia, "Hapo hajakosea."

Jumapili, 12 Oktoba

Amuri karudi kambini akisindikizwa na Mzee Sumaili, aliyevaa kanzu na kofia kana kwamba anakwenda kuposa. Waliingia kwa mkuu wa shule, nami nikaitwa na kitabu changu. Mkuu alitaka kumfukuza kambini. Mzee Sumaili hakubisha, alisema tu, "Mwalimu, mimi sikusoma, nikadanganywa na mwezi. Na nyie mliosoma vile vile."

Mkuu akakifunga kitabu changu. Adhabu: Amuri amchotee maji Mama Regina mpaka siku ya mtihani. Mama Regina kafurahi kuliko sote.

Jumatano, 15 Oktoba

Giza linaingia na Amuri yupo. Nimeweka alama ya vema nikaitazama.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua ya kwanza. Maktaba inavuja juu ya Stephania, ameamka anadhani analia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Utaratibu wetu ni huu. Asubuhi natoa karatasi ya zamani. Bariki anasimama na tai yake anasoma swali kwa Kiingereza, kwa sauti ya bungeni, pole pole. Kumbe mtu huyu ana faida! Amuri analirudia kwa Kiswahili jinsi alivyolielewa. Akikosea namkatiza, akipatia namwambia aliandike jibu kwa Kiingereza, sentensi fupi, hata kama ni ya kuvunjika. Halafu tunabadilishana: ananieleza lile swali kwa kijiti na mchanga mpaka niseme nimeona. Mvua ikinyesha tunahamia jikoni, tunatoka tunanuka moshi na mawese.

Leo kaniuliza kwa nini Kiingereza kinataka kusema "determine" wakati "find" lipo na wote wanaelewana. Ni swali zuri.

Nimemkaripia mara nne tu.

Jumatano, 5 Novemba

Mwezi mpevu. Amuri kapata thelathini na nane katika karatasi ya mwaka juzi, Mwalimu Gasper kasahihisha mwenyewe. Alimrudishia karatasi akiwa amemgeukia uso kwa uso, si ubao, akamwuliza, "Tumeelewana?" Amuri akasema ndiyo. Mwalimu akashtuka kusikia ndiyo.

Mimi thelathini na tatu! Thelathini na tatu, jamani!

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Dagaa zimekwisha. Nimeshangaa nimezikumbuka.

Jumapili, 16 Novemba

Kesho mtihani wa taifa unaanza. Amuri hakugusa chakula cha mchana. Nikamfuata kisimani, anajaza ndoo iliyokwisha kujaa.

"Frasia, nikifungua karatasi nikaona giza tupu?"

Nilikuwa na majibu mengi makali, ndiyo tabia yangu. Nikasema, "Utaiweka chini. Utahesabu mpaka kumi. Utasoma neno la kwanza. Halafu la pili. Mimi nitakuwa mbele yako natetemeka vile vile."

"Wewe utatetemeka?"

"Magoti yangu yameshaanza leo."

Akacheka, ndoo ikamwagikia miguu yetu.

Jumatano, 26 Novemba

Fizikia imepita. Naandika haraka kabla haijapoa.

Asubuhi saa moja na nusu Amuri hakuonekana. Darasani kwa wavulana hakuna, kisimani hakuna, jikoni Mama Regina hajamwona. Bariki aliunda kamati ya kumtafuta. Stephania akaanza kuomba, macho wazi safari hii. Shukrani akatoka mbio mpaka barabarani kuuliza waendesha bodaboda. Mimi nilisimama pale getini na hasira zangu zote za mwezi wa nane zikarudi, nikasema basi, kanikimbia tena, na safari hii namwachia Mzee Sumaili.

Msimamizi akapiga kengele. Tukapanga foleni, tukakaguliwa, mlango ukafunguliwa. Amuri alikuwa mbele kabisa ya foleni ya wavulana. Shati limepigwa pasi, kiatu cheusi, kalamu mbili mkononi. Alikuwa amekaa nyuma ya chumba cha mtihani tangu saa kumi na mbili, peke yake, eti asije akabadilisha mawazo. Sisi tulimtafuta kila mahali isipokuwa pale alipotakiwa kuwa.

Tukakaa. Yeye meza ya nyuma yangu. Nikafungua karatasi, nikahesabu mpaka kumi. Swali la kwanza nikalijua. La pili nikalijua. La tano lilikuwa limejaa maneno, nikalirudia kimoyomoyo kwa Kiswahili, kwa sauti ya Amuri, pole pole, nikaona. Kwa muda wote huo nilikuwa nasikiliza nyuma yangu kama kiti kitasogezwa, kama mtu atasimama na kutoka.

Saa ya kwanza ikapita. Sikusikia kiti. Nilisikia kalamu.

Ilikuwa imebaki kama nusu saa kiti kikalia. Sikuthubutu kugeuka. Msimamizi akainua kichwa, akasema, "Yes, you. What is it?"

Na Amuri, yule mpole wa Katonga, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa sauti iliyosikika chumba kizima: "Sir, my paper is full. I need another one."

Vichwa vyote vikageuka. Stephania alikuwa tayari analia. "Eyes on your papers!" msimamizi akafoka, akatembea kati ya meza na karatasi ya ziada mkononi, akanipita, nikasikia ikiwekwa mezani nyuma yangu, na kalamu ikaanza tena.

Nikaona maandishi yangu yanacheza. Nikafuta macho kwa kola ya shati, nikarudi kwenye swali la tisa.